Namba moja hadi namba tano: yako ni ipi?

“Dogo, unacheza namba ngapi?”

“Namba tano, kocha.”

“Nani kakwambia?”

“Mimi ndiye mrefu kuliko wote darasani.”

Mazungumzo hayo, au ndugu yake wa tumbo moja, nimeyasikia karibu kila kiwanja cha kikapu cha saruji nilichokanyaga hapa Dar. Mtoto anawekwa chini ya ringi kwa ajili ya kimo chake, mwenzake mfupi anapewa mpira audundishe kwa ajili ya kimo hichohicho, na hakuna anayeuliza tena mpaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ipite. Hapa nawalinganisha wachezaji watano wa timu ya kikapu, namba moja hadi tano, ili wewe unayeanza, au mzazi, au mwalimu aliyekabidhiwa timu pamoja na filimbi bila maelezo, uwe na kipimo kingine zaidi ya futi ya fundi nguo. Msimamo wangu nautaja mapema usije ukasema nimekuvizia: namba yako inaamuliwa na mtu unayeweza kumkaba. Unachofanya ukiwa na mpira kinafuata baadaye.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. “Namba” tumeitoa kwenye soka, na kwenye soka namba ni kiwanja. Namba mbili ana upande wake wa kulia, namba sita anakaa mbele ya mabeki, namba tisa anazunguka golini. Mpira ukiwa upande wa pili, beki anaweza hata kufunga kamba za viatu. Uwanja wa kikapu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una mita 28 kwa 15, ndani yake watu kumi, na timu ina sekunde 24 tu za kutupa mpira ringini. Upande wa pili haupo. Senta, yaani namba tano, anaweza kujikuta anamkimbiza gadi, yaani namba moja au mbili, kwenye mstari wa mbali wa pointi tatu, na gadi anaweza kujikuta mgongoni kwake kuna jitu la mita mbili linaomba pasi. Ukiuliza “nasimama wapi?” umeuliza swali la soka.

Moja na mbili: anayebeba na anayesubiri

Hawa wote ni magadi, na kwa macho ya mtazamaji wa mara mojamoja wanafanana. Kazi zao ni mbali kabisa.

Namba moja anapewa mpira timu yake ikitoka kufungwa. Ana sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Akizitumia zote, theluthi ya muda wa shambulizi imekwenda kabla timu haijafanya lolote. Kwa hiyo kudundisha kwake si madoido. Ni usafiri, na anatakiwa asafiri huku anaangalia wengine wanne wako wapi. Nina binti mmoja wa kidato cha pili ambaye alipangwa namba moja kwa kuwa mfupi na mwepesi. Nilimsimamisha mbele yangu adundishe kwa mkono wa kushoto, nikanyoosha vidole. “Vingapi?” Akajibu “Viwili!” bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimenyoosha vinne. Nikashusha mkono wote, nikauliza tena. “Vitatu!” Mpira alikuwa anaumudu vizuri sana, ila uwanja wote ulikuwa ni ule mpira na vidole vya miguu yake.

Huyo si namba moja, angalau kwa sasa. Tulimhamisha namba mbili, na pale akawa mtu mwingine, maana namba mbili anaweza kuishi vizuri bila kushika mpira muda mrefu. Mfano ninaoupenda ni Klay Thompson, enzi zake Golden State Warriors ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Tarehe 5 Desemba 2016, dhidi ya Indiana Pacers, alifunga pointi 60 ndani ya dakika 29. Katika mchezo mzima alidundisha mara 11 tu, na mpira ulikaa mikononi mwake kama sekunde 90. Kuna namba moja wa shule wanaozimaliza sekunde hizo kabla robo ya kwanza haijafika katikati! Muda uliobaki Thompson alikuwa anakimbia, anajificha nyuma ya migongo ya wenzake, anatokea upande wa pili miguu ikiwa tayari imepangwa kwa kutupa.

Sasa waweke kwenye ukabaji. Namba moja anamkaba mtu mwenye mpira, tena mara nyingi ndiye mwepesi kuliko wote upande wa pili, kuanzia mbali na ringi. Anahitaji nyonga za chini, miguu ya pembeni na moyo wa kupitwa mara moja bila kusimama kulalamika. Namba mbili anamkaba mtu asiye na mpira. Hiyo ni kazi ya shingo na mapafu: ukitazama mpira sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, mtu wako ameshapotea kwenye kona, na sauti unayoisikia ni nyavu. Binti yule kwenye kukimbizana alikuwa hashikiki, lakini mtu mwenye mpira alimpita kila mara kwa sababu alimkazia macho mikono badala ya kiuno. Ukabaji ulishatuambia namba yake kabla ya vile vidole.

John Stockton wa Utah Jazz, mwenye mita 1.85, anakumbukwa kwa asisti, yaani pasi za kufungisha, 15,806, ambazo hakuna aliyezifikia NBA. Watu husahau rekodi yake ya pili: mipira 3,265 aliyoiba. Mtu huyo alijua pasi ya mwenzake inakwenda wapi, na alijua ya adui inakwenda wapi pia. Ni jicho lilelile linalofanya kazi pande zote mbili. Ukitaka kujua kama una kichwa cha namba moja, hesabu pasi unazozikamata ukiwa unakaba, kisha ndipo uhesabu unazotoa.

Nne wawili wasiojuana

Namba nne ndiyo inayonichekesha zaidi, maana ndiyo inayoonyesha namba zinavyodanganya. Dennis Rodman alikuwa namba nne. Dirk Nowitzki naye namba nne. Rodman, mita 2.01, aliongoza NBA kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi, misimu saba mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1998, na kwa maisha yake yote ya ligi alikuwa na wastani wa pointi 7.3 tu kwa mchezo. Nowitzki, Mjerumani wa mita 2.13, alikuwa anarudi nyuma kwa mguu mmoja na kutupa mpira ambao hakuna mkono ungeufikia, na mwaka 2011 akaipa Dallas Mavericks ubingwa. Mmoja ukimwambia atupe kutoka mbali, kocha anafumba macho. Mwingine usipomwambia atupe, umemwonea.

Je, kuna nini kinachowaunganisha? Hakuna kikubwa, ila kila mmoja alisimama kwenye daraja la katikati: mzito kiasi cha kusukumana na senta, mwepesi kiasi cha kumfuata fowadi, yaani namba tatu au nne, nje. Rodman kwa hili alikuwa balaa. Aliwakaba magadi, aliwakaba masenta, na alikuwa anasoma mzunguko wa mpira angani ili ajue utadondokea upande gani wa ringi. Kama unapenda kugombea kitu ambacho hakuna aliyekupa, kama ukikosa ribaundi unakosa usingizi, namba nne itakufaa hata kama mitupo yako inatia huruma. Mwambie kocha wako hivyo.

Namba tatu ukilinganisha naye ni mrefu wa wastani, mwenye mbio, anayeweza kufunga akiwa nje na akiwa anashambulia ringi. Wengi wanaitamani kwa sababu ina uhuru. Mimi naiona kuwa ndiyo yenye mtihani mgumu zaidi wa ukabaji, maana mfungaji bora wa wapinzani, awe gadi au fowadi, mara nyingi atakabidhiwa kwako. Kwenye fainali za NBA za 2015 Warriors walipokuwa nyuma kwa michezo miwili kwa mmoja, walimweka Andre Iguodala kwenye kikosi cha kwanza, wakamtoa senta wao Andrew Bogut, na Iguodala akapewa kazi ya kumkaba LeBron James, nyota wa wapinzani. Warriors walichukua ubingwa, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. LeBron alifunga sana katika mfululizo ule, hilo halifichiki. Lakini alizifanyia kazi pointi zake hadi jasho la mwisho, na hiyo ndiyo kazi ya namba tatu.

Siku zilezile Warriors walimweka Draymond Green, mtu wa karibu mita 1.98, kucheza kama senta. Watu wakasema ni ujanja wa muda. Haukuwa wa muda.

Tano: namba iliyobadilishiwa sheria

Hakuna namba iliyosumbua watunga sheria kama hii. George Mikan, mita 2.08, alikuwa anasimama chini ya goli na kufunga atakavyo, na mwaka 1951 NBA ikalipanua lile eneo la chini ya ringi kutoka mita 1.83 hadi 3.66 ili asogezwe mbali. Mwaka 1964 wakalipanua tena hadi mita 4.88, safari hii Wilt Chamberlain ndiye aliyekuwa anawatesa. Humo ndani mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo. Kwa hiyo hata senta wa kizamani, yule tunayemdhania ni nguzo, sheria ilimlazimisha atembee.

Na kutembea kwa senta ni sanaa. Hakeem Olajuwon alikulia Lagos akicheza handiboli na kudaka mpira wa miguu kabla ya kuingia kwenye kikapu akiwa kijana. Miguu ile ya golikipa ilimfanya awazungushe watu wakubwa mpaka wakapishana na mpira. Aliipa Houston Rockets ubingwa 1994 na 1995, na bloku zake 3,830, yaani mitupo aliyoizuia, bado ziko juu kabisa katika historia ya NBA. Anayemfuatia ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyekuwa akimaliza kazi kwa kumtikisia mtu kidole.

Kwetu namba tano ina jina: Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, akacheza chuo cha Connecticut ambako alikuwa anazuia zaidi ya mitupo minne kwa mchezo, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA na Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza. Tulikesha. Usiku uleule, nafasi tano nyuma yake, alichaguliwa gadi mmoja mwembamba anayeitwa Stephen Curry. Kwenye NBA mambo hayakumwendea Thabeet kama tulivyoomba, na vijiweni wengi walimlaumu yeye. Mimi nadhani sehemu ya lawama ni ya majira. Miaka michache baadaye Curry na wenzake waliuhamishia mchezo kwenye mstari wa pointi tatu, ambao NBA uko mita 7.24 kutoka kwenye ringi, na senta ambaye kazi yake kuu ni kulinda goli akaanza kuburutwa nje kila shambulizi. Ukimfuata mtupaji, ringi inabaki wazi. Usipomfuata, anatupa.

Ndiyo maana namba tano wa leo analinganishwa kwa maswali mawili yanayovutana. Unaweza kulinda ringi? Na unaweza kukaa mbele ya gadi kwa sekunde tatu akikuvuta nje? Ukijibu ndiyo yote mawili, hata kama una mita 1.98, makocha watakuita kwa jina. La tatu, la nyongeza, ni kama unaweza kupiga pasi. Nikola Jokić wa Denver Nuggets, Mserbia wa mita 2.11 ambaye haruki wala hakimbii sana, msimu wa 2024–25 alimaliza na wastani wa zaidi ya kumi kwa pointi, ribaundi na asisti. Hakuna senta aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kwenye karatasi ni namba tano. Kwenye shambulizi ni namba moja aliyevaa viatu vikubwa. Bado karatasi inamwita tano, na unajua kwa nini? Kwa sababu upande wa pili, wapinzani wakishambulia, ndiye anayebaki na senta wao.

Umeliona? Tumerudi kulekule.

Kisa changu, na cha mwenye bahati

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na mita 1.80, na kocha wetu alitupanga kwa urefu kama gwaride la Uhuru. Wa mwisho kwenye mstari, tano. Miaka miwili yote mazoezi yangu yalikuwa mgongo kwa ringi: pokea, geuka, tupa. Nikidundisha mara mbili filimbi inalia na naambiwa nimpe mpira “mwenye kazi yake”. Kisha nikaacha kurefuka. Kidato cha tano nikakutana na masenta wa mita 1.95, na mimi na mita zangu 1.82 sikuwa na lolote la kuwafanya. Kwa kimo nilikuwa gadi. Kwa mikono nilikuwa senta. Benchi ndiyo namba pekee iliyonifaa.

Anthony Davis alipitia njia hiyohiyo kwa kinyume. Akiwa sekondari Chicago alikuwa gadi wa kama mita 1.88, akijifunza kudundisha na kutupa kutoka nje, halafu akarefuka ghafla mpaka karibu mita 2.08 kabla ya kumaliza shule. Akafika kwenye namba za wakubwa akiwa na mikono ya gadi, na mwaka 2012 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA. Mwili haukumwuliza, kama ambavyo wangu haukuniuliza. Tofauti ni kwamba mafunzo yake yalimfaa kimo chochote, yangu yalifaa kimo kimoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na sita, kwa hiyo, ushauri wangu ni mkali kidogo: asipewe namba. Abebe mpira, akabe wa nje, akabe wa ndani. Walimu wanaotafuta kombe la wilaya hawapendi kusikia hili.

Sisemi kimo hakina maana. Ringi iko mita 3.05 kwa wote. Muggsy Bogues alicheza misimu 14 NBA akiwa na mita 1.60, lakini alicheza namba moja, hakuna aliyefikiria kumweka tano. Na Magic Johnson, namba moja wa mita 2.06, siku moja alivuka kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari: tarehe 16 Mei 1980, mchezo wa sita wa fainali, senta wao Kareem Abdul-Jabbar akiwa ameumia kifundo cha mguu, kijana huyu wa miaka 20 alisimama katikati kuruka mpira wa kwanza kama senta. Alimaliza na pointi 42, ribaundi 15 na asisti 7, Los Angeles Lakers wakawa mabingwa. Kimo kinakufungulia milango ya juu. Anayeweza kwenda chini ni yule aliyejifunza kazi za chini. Bogues hakuweza kupanda. Magic aliweza kushuka na kupanda.

Wenyewe NBA wanazidi kulegeza kamba. Kura za mashabiki za mchezo wa nyota hazina tena sanduku la senta tangu msimu wa 2012–13, na tangu 2023–24 hata kikosi bora cha msimu kinachaguliwa bila kuangalia namba. Ukitaka kuona mwisho wa barabara hiyo, katazame kikapu cha watatu kwa watatu: nusu uwanja, sekunde 12 kwa shambulizi. Mnabadilishana wa kukaba kila sekunde, na asiyeweza kumkaba mtu wa aina fulani anaonekana hata na muuza karanga.

Namna ninavyopima siku hizi

Nachukua mechi tatu za mazoezi, si moja, kwa sababu ya kwanza kila mtu anajionyesha na ya pili kila mtu amechoka. Nagawa karatasi mistari mitano, mmoja kwa kila aina ya mpinzani. Mchezaji ninayempima anakabidhiwa mtu tofauti kila robo: mwenye mpira, mkimbiaji, mshambuliaji wa pembeni, mgombea ribaundi, jitu la ndani. Naandika kitu kimoja tu, mtu wake kafunga mara ngapi. Pointi zake mwenyewe siandiki. Mwisho namwuliza ni robo ipi aliifurahia, na jibu lake likipingana na karatasi nampa nusu ya alama, maana furaha nayo ni kitu. Mtu anayechukia kusukumana hatasukumana dakika ya thelathini na nane.

Yule dogo wa mwanzo, mrefu wa darasa, karatasi yake ilinishangaza. Jitu la ndani lilimfunga mara saba. Mkimbiaji, mara mbili. Mshambuliaji wa pembeni, hata mara moja, kwa sababu dogo ana mikono mirefu na hapendi kuaibishwa. Nikamwonyesha.

“Wewe ni namba tatu.”

Akakaa kimya, akaitazama karatasi. “Kwa hiyo kocha, jezi nitavaa namba tatu?”

Nikamweleza kuwa hivyo ni vitu viwili. Nikamwambia pia kwamba kwa miaka mingi FIBA ilitaka jezi zianzie 4 ziishie 15, na jezi za shule yao, zilizoshonwa enzi hizo, bado ziko hivyohivyo kwenye gunia. Akainama akapekua, akaiacha 5 aliyokuwa anaivaa, akachomoa 15.

“Hii kubwa,” akasema, akaenda kumtafuta yule wa pembeni.